Kijana wa mtambo, saa zako umeziandika wapi?

Umeiona hiyo video, usikatae. Ekskaveta inajivuta yenyewe hadi juu ya lori, mkono wake ukitumika kama mguu, na opareta ndani ya kibanda ametulia kama mtu anayekunywa chai. Umeirudia mara tatu, umemtumia beshte yako, kisha ukajiuliza: hii kazi mtu anaingiaje?

Siku iyo hiyo ukishuka matatu mjini, nguzo ya stima inakujibu. Karatasi imebandikwa pale: jifunze ekskaveta, greda, foklifti na kreni kwa wiki mbili, cheti papo hapo, kazi ya mgodini ama ng'ambo ni uhakika. Chini yake kuna nambari ya simu ya kutuma ada.

Swali lako ni zuri. Jibu la nguzo ndilo la kutiliwa shaka. Kazi ya kuendesha mitambo mizito ni mojawapo ya kazi chache ambazo kijana asiye na digrii anaweza kuingia, akaheshimika na akalipwa vizuri. Lakini haijifunzwi kwa wiki mbili. Tena, hata ukishaijua kabisa, kuna jambo moja ambalo halikuambiwi na nguzo wala na video: mtambo si wako, mgodi si wako, na mgodi una siku yake ya kufungwa. Siku hiyo ikifika, utatoka getini na kile tu unachoweza kuthibitisha.

Ndiyo maana tunakuuliza leo, wewe uliye kwenye kiti tayari na wewe unayekitamani: saa zako umeziandika wapi? Msimamo wetu ni huu. Kila opareta aandike saa zake mwenyewe tangu siku ya kwanza, na kila mwajiri alazimike kumpa rekodi ya saa hizo anapomwachilia.

Tuanzie Kwale

Kama unadhani habari za migodi ni za Congo na Afrika Kusini, rudi nyumbani kidogo. Kaunti ya Kwale, upande wa Msambweni, kulikuwa na mgodi wa Base Titanium, ambao kwa miaka kadhaa ndio uliokuwa mkubwa kuliko yote nchini. Uzalishaji ulianza mwishoni mwa 2013. Februari 2014 shehena ya kwanza ikasafirishwa kwa meli kutoka Likoni. Uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Hesabu mwenyewe: takriban miaka kumi na mmoja. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mgodi ulipofunguliwa hakuwa amemaliza sekondari ulipofungwa.

Kilichochimbwa pale ni mchanga mzito wenye madini ya ilmenaiti, rutaili na zikoni. Ilmenaiti na rutaili ndizo hutoa ile rangi nyeupe inayotiwa kwenye rangi za nyumba, kwenye karatasi, hata kwenye dawa ya meno. Zikoni huenda kwenye vigae. Haukuwa mgodi wa kuingia chini ya ardhi na taa kichwani. Ulikuwa mgodi wa wazi: vilima vya mchanga vinasukumwa kutoka juu hadi viishe.

Kazi hiyo ya kusukuma ilianza na matingatinga aina ya Caterpillar D11, ambayo kila moja lina uzito wa zaidi ya tani 100. Tingatinga linasukuma mchanga hadi kwenye mtambo unaouchanganya na maji, kisha uji huo wa mchanga unapitishwa kwenye bomba hadi kiwandani. Baadaye maji yenye shinikizo kubwa yakaanza kutumika kubomoa kilima badala ya kutegemea matingatinga. Mwaka wa 2019 kilima cha kati kilikwisha, uchimbaji ukahamia kilima cha kusini. Miaka mitano mingine, na hicho nacho kikawa hakina faida tena.

Ona basi. Kwa miaka kumi na mmoja, kazi ya opareta ilibadilika zaidi ya mara moja, na mwishowe ikaisha. Hakuna aliyeroga mgodi. Madini ni kama sukari kwenye kopo: siku unapolifungua ndiyo siku unapoanza kulimaliza. Tofauti ni kwamba mwenye kopo anajua limebaki kiasi gani, na wewe unayechota wakati mwingine hujaulizia.

Waliofanya kazi pale ni zaidi ya watu elfu moja, wengi wao vijana wa Pwani na wengine kutoka kila pembe ya nchi. Kuna waliojifunzia mtambo palepale, wakaingia hawajui kuwasha, wakatoka wakiweza kusawazisha ardhi kwa kulitazama jicho la bamba. Hao ni hazina. Swali ni hili: mwajiri aliye mbali, ambaye hajawahi kuwaona wakifanya kazi, atajuaje?

Kazi yenyewe si ya kuketi tu

Kuna wasee mtaani wanaodhani opareta ni mtu wa kukaa, kuvuta vishikio viwili na kula kiyoyozi. Hebu tuseme kazi inavyokwenda kwenye mgodi wa wazi, kwa sababu bila kuijua huwezi kuelewa thamani ya saa moja.

Zamu kwenye migodi mingi ni ya saa kumi na mbili. Kabla ya kupanda, unauzunguka mtambo mzima kwa miguu. Unatazama mafuta ya injini na ya breki. Unachungulia mipira ya haidroliki kama inavuja. Unakagua magurudumu ama minyororo, taa, honi, king'ora cha kurudi nyuma, mtungi wa kuzimia moto, mkanda wa kiti. Kisha unapanda ukiutazama mtambo, viungo vitatu vya mwili vikiwa vimeshika wakati wote: mikono miwili na mguu mmoja, ama miguu miwili na mkono mmoja. Watu wamevunjika nyonga kwa kuruka kutoka kwenye ngazi ya mtambo, si kwa ajali ya barabarani.

Kwenye migodi mingi honi ni lugha. Mlio mmoja: ninawasha. Miwili: ninakwenda mbele. Mitatu: ninarudi nyuma. Anayepita bila kujua lugha hiyo anahatarisha maisha yake, kwa sababu wewe uliye juu humwoni. Lile lori kubwa la mgodi, dampa, ambalo hubeba hata zaidi ya tani 90 kwa safari moja, lina sehemu pana kulizunguka ambazo dereva haoni kitu. Mtu akisimama karibu na gurudumu la mbele upande wa kulia, kwa aliye kwenye kiti ni kana kwamba hayupo. Pikapu nzima inaweza kupotea hapo. Ndiyo sababu magari madogo mgodini hubeba bendera kwenye mlingoti mrefu, na ndiyo sababu dogo hupisha kubwa, hata kama ndani ya dogo ameketi meneja.

Ukingo wa barabara ya mgodini hujengewa tuta la udongo. Kanuni inayofuatwa sehemu nyingi ni kwamba tuta lisipungue nusu ya kimo cha gurudumu la lori kubwa zaidi linalopita hapo. Opareta mpya anaona rundo la udongo. Opareta mwenye saa nyingi anaona kwamba tuta limemong'onyoka tangu mvua ya jana, anasimama, anapiga simu ya upepo, anataka lirekebishwe kwanza.

Halafu kuna usingizi. Saa tisa usiku, ukiwa umerudia njia ileile mara ishirini, mwili unataka kuzima. Macho yanaweza kuwa wazi na akili imelala kwa sekunde tatu, nne. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, sekunde nne ni zaidi ya mita 30. Mgodini, mita 30 ni tofauti kati ya barabara na shimo.

Ongeza mtetemo unaoingia kwenye uti wa mgongo siku nzima, kelele, na vumbi la mawe ambalo likiwa na silika hukaa kwenye mapafu na halitoki. Hiyo ndiyo kazi. Akina dada pia wanaifanya, na wanaifanya vizuri, manake mtambo wa siku hizi hautaki misuli. Unataka utulivu na jicho. Kama wewe ni msichana na umeambiwa hiyo ni kazi ya wanaume, aliyekuambia hajaingia kwenye kibanda cha mtambo hivi karibuni.

Yote haya hujifunzwa kwa muda. Hakuna njia ya mkato. Ndiyo maana katika biashara hii mtu haulizwi ana miaka mingapi ya kazi tu. Anaulizwa: una saa ngapi, na kwa mtambo gani?

Daftari la shilingi chache

Mtambo mzito hauhesabiwi kwa kilomita kama matatu. Huhesabiwa kwa saa. Ndani ya kibanda kuna mita inayosoma saa ambazo injini imefanya kazi. Fundi huitumia kujua wakati wa kubadilisha mafuta. Mwenye mtambo huitumia kujua ni lini auuze. Kampuni inajua saa za kila tingatinga tangu siku liliponunuliwa.

Je, nani anajua saa zako?

Tuchukue mfano. Tuseme kwenye zamu moja unapata saa tisa za mtambo, ukitoa chakula, mafuta na kusubiri. Tuseme unafanya zamu 200 kwa mwaka. Hizo ni saa 1,800. Kwa miaka mitano ni saa 9,000. Mtu mwenye saa 9,000 kwenye tingatinga hawezi kulinganishwa hata kidogo na aliyefanya wiki mbili mjini. Lakini wote wawili wakituma barua ya kuomba kazi, mmoja akiandika "nina uzoefu wa miaka mitano" na mwingine akaandika uongo uleule, karatasi zao zinafanana. Mwenye ujuzi amejipunja mwenyewe.

Rubani wa ndege huandika kila saa aliyoruka. Hakuna anayemcheka. Wewe unayeendesha chuma cha tani 100 ukingoni mwa shimo, unaona aibu gani?

Nunua daftari, lile la kawaida la shule. Piga mistari. Tarehe. Jina la mtambo na modeli yake. Mita ilisoma ngapi ulipoanza, ilisoma ngapi ulipomaliza. Kazi uliyofanya: kusukuma, kupakia, kusawazisha, kutengeneza barabara. Hitilafu uliyoripoti, na uliyemwambia. Mwisho wa wiki, mwombe msimamizi wa zamu atie sahihi. Akikataa, andika hivyo hivyo. Piga picha ukurasa, jitumie kwa barua pepe, usije ukapoteza kila kitu kwa sababu daftari limelowa mvua.

Ile safu ya hitilafu usiiruke. Tuseme uliripoti Jumatatu kwamba breki zinalegea, ukaambiwa endelea kidogo, na Jumatano ajali ikatokea. Swali la kwanza utakaloulizwa ni kwa nini hukusema. Neno la mdomo halina mashahidi. Ukurasa wenye tarehe unao.

Na hapa sheria iko upande wako kuliko unavyodhani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakutaka umwarifu msimamizi wako unapoona hatari kubwa, na inamkataza mwajiri kukurudisha mahali hapo hatari ikiwa bado ipo. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, nayo ya 2007, inamtaka mwajiri awe na bima ya kukufidia ukiumia ukiwa kazini. Lakini haki bila ushahidi huchelewa, na wewe huna miaka ya kusubiri mahakamani na mgongo ulioumia.

Vyeti vya kweli na vyeti vya nguzo

Sasa turudi kwa wewe ambaye bado uko nje ya geti.

Kwanza, leseni. Mgawanyo wa leseni za kuendesha hapa Kenya una daraja lake la mitambo ya viwandani, ya ujenzi na ya kilimo: daraja G. Leseni yako ya gari dogo haikuruhusu kuingia na greda barabarani. Anayekuambia "hiyo tutapanga baadaye" anakuuzia taabu.

Pili, mafunzo. Taasisi ya Kenya ya Teknolojia ya Barabara Kuu na Majengo, ambayo wengi wanaijua kwa jina la KIHBT, imefundisha maopareta kwa miaka mingi. Shirika la Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, nalo hufundisha. Kuna vyuo vya kiufundi pia, na kuna vyuo vya kibinafsi vilivyo sawa. Kabla ya kutuma hata shilingi moja, uliza maswali matatu. Je, chuo kimesajiliwa? Je, kina mtambo wake, na uko wapi niuone? Je, nitapata saa ngapi za kuendesha mimi mwenyewe, si za kumtazama mwalimu akiendesha? Kama jibu la swali la tatu ni kigugumizi, toka hapo na ada yako mfukoni.

Tatu, mtihani wa ufundi. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutahini mafundi kwa madaraja, kuanzia la tatu kupanda hadi la kwanza. Uzuri wake ni kwamba hakuulizi ulipata alama gani za KCSE. Unaulizwa unaweza kufanya nini. Na kwa yule aliyejifunzia kazini, akaanza kama taniboi ama spana boi hadi akakabidhiwa usukani, kuna mfumo wa kutambua ujuzi ambao mtu tayari anao. Hulazimiki kurudi darasani kujifunza unachokijua. Lakini wanaokutathmini watataka ushahidi. Unaona tunarudi wapi? Kwenye daftari.

Tunajua utatuambia: hapa kazi ni kujuana. Ni kweli, na tusidanganyane. Mjengo mwingi mtaani unaingia kwa sababu binamu yako anamjua mkandarasi. Lakini mgodi wenye sheria zake hukuweka kwenye mtambo na kukutazama kabla ya kukuajiri, hata kama ulipigiwa simu na mjomba. Kujuana kunaweza kukufikisha getini. Mtambo wenyewe hautambui jina la mtu. Na ukitaka kwenda mbali zaidi, kwa mfano kwenye machimbo ya wazi ya dhahabu ya Geita na North Mara nchini Tanzania, ama ya shaba na kobalti kule Kolwezi, Congo, ambako Kiswahili kitakusaidia sana, huko hakuna anayemjua mjomba wako. Utahitaji kibali cha kazi, na utahitaji karatasi zinazosema wewe ni nani.

Waajiri, hili ni lenu

Tumezungumza na kijana vya kutosha. Sasa tugeukie wenye migodi, wenye machimbo ya mawe na wakandarasi wao.

Sheria ya Ajira ya 2007 inamlazimu mwajiri kumpa mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi, isipokuwa kama alifanya kazi chini ya wiki nne. Sheria hiyo inataja kinachotakiwa kuandikwa: jina la mwajiri, jina la mfanyakazi, tarehe ya kuanza, aina ya kazi na mahali, tarehe ya kuacha. Basi. Kwa karani pengine inatosha. Kwa opareta ni nusu ukurasa unaosema "alikuwa mwendeshaji mitambo", bila kusema mtambo gani, wala saa ngapi, wala kama aliwahi kupata ajali. Mtu aliyeendesha foklifti bohari kwa mwaka mmoja na mtu aliyeendesha D11 kwa miaka minane wanaweza kupata cheti kimoja.

Habari hizo kampuni zinazo. Ziko kwenye rekodi za mitambo na za zamu. Kuzichapisha kwenye ukurasa mmoja hakugharimu kitu. Sheria yenyewe imeacha mlango wazi wa kuongeza maelezo mengine kwenye cheti hicho kwa kanuni. Wizara ya Leba iupite mlango huo. Cheti cha mwendeshaji mitambo kitaje kila aina ya mtambo, saa zake na mafunzo ya usalama aliyopewa. Na wajibu huo umfuate mkandarasi mdogo pia, kwa sababu maopareta wengi hawaajiriwi na mwenye mgodi moja kwa moja.

Kuna watakaosema kwamba kumpa mfanyakazi rekodi kama hiyo ni kumfungulia njia ya kuhamia kwa mshindani. Tunawajibu hivi: anayebaki kwako kwa sababu tu hawezi kuthibitisha ujuzi wake kwingine hajabaki, amefungwa. Na mshindani wako naye atalazimika kufanya vivyo hivyo, nawe utajua unamwajiri nani. Ajali moja inayosababishwa na opareta aliyedanganya kuhusu uzoefu wake ina gharama kubwa kuliko karatasi zote hizo.

Tena kuna suala la kufunga mgodi. Sheria ya Madini ya 2016 inadai mipango ya kurekebisha ardhi na ya kufunga mgodi. Ni vizuri. Mashimo yafukiwe, miti ipandwe, maji yasichafuke. Lakini watu je? Tunapendekeza kila mpango wa kufunga mgodi uwe na sehemu ya wafanyakazi, na sehemu hiyo itekelezwe mitambo ikiwa bado inafanya kazi. Mwaka mmoja kabla ya siku ya mwisho, kila opareta asiye na cheti atahiniwe palepale, kwenye mtambo anaoujua. Ukisubiri hadi matingatinga yauzwe, mtihani huo utafanyiwa wapi?

Siku 15 kwa mwaka

Tumalizie na hesabu nyingine, maana hesabu haidanganyi. Kazi inapoisha kwa sababu nafasi yako haipo tena, sheria inamtaka mwajiri akulipe fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilisha. Ukiwa umefanya miaka sita, hizo ni siku 90. Miezi mitatu. Ukiwa umechukua mkopo wa pikipiki, umemwahidi mdogo wako karo na umeanza kujenga kwa mama, miezi mitatu inaisha ukiwa bado unazoea kuamka nyumbani.

Kwa hivyo ukipata kiti, uliza mapema: mgodi huu umebakiwa na miaka mingapi? Si swali la ukaidi. Kampuni za migodi huwaambia wawekezaji wao muda huo, na wewe umewekeza mgongo wako. Ukijua ni miaka minne, panga kama mtu mwenye miaka minne. Weka akiba. Jifunze mtambo wa pili, kisha wa tatu, kwa sababu ajuaye tingatinga peke yake anasubiri kazi za tingatinga peke yake. Kaa karibu na mafundi, ujue mtambo unavyougua.

Jifunze na kompyuta zilizo ndani yake pia. Kule Pilbara, Australia, yapo malori ya mgodi yanayokwenda bila mtu kwenye kiti, yakisimamiwa kutoka Perth, umbali wa kilomita kama 1,500. Hatusemi hayo yatafika kwenye kila chimbo la mawe hapa kwetu. Tunasema tu kwamba mtu aliyezoea kusoma mtambo wake kwa makini ndiye atakayefundishwa la mbele kwanza.

Kama wewe si opareta, huenda una kaka, binamu ama jirani anayeondoka alfajiri na riflekta na buti zenye vumbi. Mtumie makala haya. Ama fanya zaidi ya hapo: mnunulie daftari, umchoree ile mistari, umwachie na kalamu. Atacheka, pengine. Halafu atapanda, ataangalia mita kabla ya kuwasha, na ataiandika ile namba ya kwanza.

Zamu ya kesho inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Mita yako inasoma ngapi?